Haki ya Mtumishi Awapo Mgonjwa au Mzazi: Somo kwa Waajiri wa Pwani ya Kusini



Katika darasa letu la baada ya Isha, mwenye duka mmoja wa Ukunda alituuliza suala ambalo tuliliona kuwa zito kuliko lilivyosikika. Alisema: "Nina binti anayeniuzia dukani, huu ni mwaka wake wa pili. Sasa ni mja mzito na siku zake zimekaribia. Naambiwa nimpe ruhusa ya miezi mitatu na mshahara juu. Mshahara huo ni ujira wa kazi gani, naye yuko kwao amelala? Je, huku si kunidhulumu mimi?" Baadhi ya waliohudhuria wakamwunga mkono. Mwengine, ambaye ni mpishi katika hoteli moja ya Diani, akajibu kwa hasira kuwa mwaka uliopita mkewe alipojifungua yeye alinyimwa hata siku mbili za kumhudumia.

Tuliona si vyema jawabu la jambo kama hili litolewe kwa haraka, watu wakitazama saa zao. Tumelitafiti, na leo twaliandika kwa mpango, ili mwenye mali ajue lililo juu yake, na mtumishi ajue lililo lake na lililo juu yake pia.

ASILI YA JAMBO HILI

Kwanza tuondoe dhana ya kuwa kumpa mtu ruhusa akawatunze watu wake, na fungu lake likabaki pale pale, ni uzushi ulioletwa na vyama vya wafanyakazi. Katika mwaka wa 2 wa Hijra, Mtume (S.A.W.) alipotoka kwenda Badr, Sayyidna Uthman (R.A.) alikuwa na mkewe Ruqayya, binti ya Mtume, naye ni mgonjwa. Mtume alimwamrisha abaki Madina amuuguze. Bibi Ruqayya alifariki katika siku hizo hizo za Badr. Pamoja na kuwa Uthman hakuushika upanga siku ile, Mtume alimhesabu kuwa ni kama aliyehudhuria, akampa fungu katika ngawira na akampa bishara ya thawabu. Khabari hii imo katika Sahihi Bukhari.

Tazama, ndugu msomaji, mambo mawili yaliyomo humu. La kwanza ni kuwa kumuuguza mke ni udhuru wa haki hata mbele ya jambo kubwa kama vita vya Badr. La pili ni kuwa mwenye udhuru huo hakukatwa fungu lake. Sisi hatusemi kuwa kisa hiki kimeweka idadi ya siku wala kiasi cha shilingi. Twasema kuwa moyo wa jambo hili si mgeni kwetu.

KANUNI YA NCHI YASEMAJE

Kanuni inayotawala kazi katika Kenya ni ile ya Ajira ya mwaka 2007, iliyoanza kutumika Juni 2008. Kabla yake ilikuwako kanuni ya mwaka 1976, ambayo ilimpa mzazi miezi miwili tu, na akiichukua hupoteza ruhusa yake ya mwaka mzima. Kanuni ya sasa imeyabadilisha hayo, nasi twayataja yaliyo muhimu.

Mwanamke aliyejifungua ana haki ya miezi 3 kwa mshahara kamili. Wala haipotezi tena ruhusa yake ya mwaka, ambayo ni siku za kazi zisizopungua 21. Kanuni haikusema kuwa ni lazima kwanza awe ametumikia mwaka au miaka miwili. Akirudi, arudishwe katika kazi ile ile aliyoiacha, au kazi nyengine inayomfaa kwa masharti yasiyokuwa duni kuliko ya kwanza. Na ikiwa miezi mitatu imemalizika naye bado ni mgonjwa akaunganisha na ruhusa ya ugonjwa, au mwajiri amemuongezea siku kwa ridhaa yake, haki ya kurudi kazini haifi. Huhesabiwa tangu mwisho wa nyongeza ile.

Mwanamume aliyezaliwa mtoto ana haki ya wiki 2 kwa mshahara kamili. Basi yule mpishi aliyenyimwa siku mbili alinyimwa haki yake.

Aliyepewa mtoto wa kumlea kwa nia ya kumuasili ana mwezi 1 kwa mshahara kamili, nayo ni nyongeza iliyotiwa katika kanuni mwaka 2021.

Mgonjwa ambaye ametumikia miezi 2 mfululizo ana haki, katika kila miezi 12, ya siku 7 kwa mshahara kamili na siku 7 nyengine kwa nusu mshahara. Tufanye mfano. Mtumishi anapata shilingi 18,000 kwa mwezi, yaani 600 kwa siku. Akiugua siku 14, siku saba za mwanzo atalipwa 4,200, na saba za pili atalipwa 2,100. Jumla ni 6,300. Anayemkata siku zote kumi na nne amemdhulumu 6,300. Na anayemlipa zote kamili amefanya ihsani ya 2,100 juu ya wajibu wake.

Yafaa ijulikane kuwa vipimo hivi ndivyo vya chini kabisa. Mkataba, au mapatano baina ya wenye hoteli na chama cha wafanyakazi, yaweza kumpa mtu zaidi ya haya. Hayawezi kumpa pungufu. Mtu akitia sahihi karatasi inayosema kuwa hatodai ruhusa ya uzazi, karatasi hiyo haina nguvu.

Tena si mshahara tu. Mwajiri ameamrishwa ahakikishe kuwa mtumishi anapata dawa za kutosha akiugua, na tabibu ikiwezekana pale ugonjwa unapozidi, na achukue hatua za kupata khabari ya ugonjwa wa watu wake mapema. Na kanuni ya Afya ya mwaka 2017 yamtaka mwajiri amtengee mama anyonyeshaye mahali pa kufanya hivyo kazini, na wakati usiozidi saa 1 katika kila saa 8 za kazi, mbali na wakati wa chakula. Mwenyezi Mungu katika Suratul-Baqara ametaja kunyonyesha kwa miaka miwili kamili kwa anayetaka kutimiza. Ni aibu kwetu sisi tunaoisoma aya hiyo kuona mama akikama maziwa yake chooni kwa sababu hana pahala pengine.

MAKATO YA BIMA NI AMANA

Kuna jambo ambalo wengi hulipuuza. Tangu Oktoba 2024, bima ya afya ya jamii imechukua nafasi ya ile ya zamani ya NHIF, na kila mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75. Katika shilingi 18,000 hiyo ni shilingi 495. Fedha hii mwajiri huikata mkononi mwa mtumishi, na ni juu yake kuifikisha kila mwezi. Mtu akiwa katika ruhusa ya uzazi yenye mshahara, makato huendelea na kufikishwa kwake pia huendelea.

Sasa mfikirie mwanamke aliyetoka Lunga Lunga usiku kwa uchungu wa kuzaa mpaka hospitali ya Msambweni, akaambiwa pale dirishani kuwa jina lake halikulipiwa miezi mitano. Yeye amekatwa kila mwezi! Fedha ile haikuwa ya tajiri hata akaitumia kuongeza bidhaa. Ilikuwa amana, na aliyeizuia amefanya khiyana, hata kama ni mtu wa safu ya mbele msikitini.

HUYU "KIBARUA" NI NANI?

Wengi husema: "Hayo ni ya walioajiriwa, wangu ni kibarua." Neno hili limekuwa pazia la kufichia dhulma nyingi, khasa Diani, ambako msimu wa wageni huja na kuondoka, na mtu huitwa kibarua miaka sita mfululizo.

Kibarua kwa mujibu wa kanuni ni yule anayelipwa mwisho wa siku na ambaye hakuchukuliwa kwa zaidi ya saa 24 kwa mara moja. Akifanya kazi siku za mfululizo ambazo jumla yake haipungui mwezi mmoja, hukumu yake hubadilika na kuwa ya mtu wa mshahara wa mwezi. Na akiendelea miezi miwili au zaidi tangu siku aliyoanza ukibarua, hustahiki masharti yote kama kwamba hakuwa kibarua tangu mwanzo. Jina alilopewa katika daftari haliigeuzi haki yake.

SHAKA TATU NA MAJIBU YAKE

Shaka ya kwanza ni ile ya mwenye duka: ujira ni badala ya kazi, na asiyefanya kazi hana ujira. Nasi twakiri kuwa wanazuoni katika mlango wa ijara wameujenga ujira juu ya manufaa yanayopatikana. Lakini wanazuoni hao hao wamesema kuwa Waislamu hufungwa na masharti yao, na kuwa lililo mashuhuri kwa desturi ni kama lililoshurutishwa kwa ulimi. Mtu anayeajiri Kenya leo huajiri hali ya kuwa masharti haya yanajulikana na yamo ndani ya kila mkataba, yaandikwe yasiandikwe. Miezi mitatu ile ni sehemu ya bei aliyokubali siku alipomwambia binti yule, "Njoo Jumatatu uanze kazi." Mbona hatuulizi mshahara wa sikukuu ni wa kazi gani? Mwanzo wa Suratul-Maida tumeamrishwa kutimiza mikataba, wala haukubagua mkataba unaotufaa na unaotugharimu.

Shaka ya pili husemwa majumbani: "Huyu si mtumishi, huyu ni kama mwanangu." Husemwa juu ya msichana aliyeletwa kutoka Kinango, anayeamka kabla ya alfajiri na kulala baada ya watu wote. Kanuni imewatoa watu wa nyumba moja wanaotegemeana wenyewe kwa wenyewe katika kazi ya ukoo wao, haikumtoa huyu. Naye kwa hakika hawi kama mwanao ila unapotaka kumpunguzia. Mwanao akiugua homa humwambii arudi kwao mpaka apone. Mtume (S.A.W.) aliposema kuwa watumishi ni ndugu zetu na tusiwakalifishe wasiyoyaweza, aliutumia udugu kuwaongezea haki, hakuutumia kuwapunguzia.

Shaka ya tatu ndiyo yenye uzito: "Sina uwezo. Duka langu ni dogo." Hili hatulicheki. Katika Kenya mshahara wa miezi hii humtoka mwajiri mwenyewe mfukoni. Hakuna mfuko wa umma unaomrudishia. Hoteli kubwa hulibeba bila ya kuhisi, na mwenye duka la futi kumi huhisi kila shilingi. Ndiyo maana wengine hukata shauri kuwa hawataajiri wanawake kabisa, au humwuliza mwanamke siku ya kwanza kama ana nia ya kuzaa. Lakini kumnyima mtu kazi kwa sababu ya uja uzito wake ni ubaguzi uliokatazwa na kanuni, na dawa haiwi kumwondoshea mwanamke riziki yake.

Dawa ni kujiandaa. Mshahara wa 18,000 kwa miezi mitatu ni 54,000. Mwenye duka akiweka kando 2,250 kila mwezi, baada ya miaka miwili 54,000 zimetimia. Na akimfukuza ili kuzikwepa, ajue kuwa mahakama yaweza kumhukumu fidia ya kufikia mishahara ya miezi 12, yaani 216,000, mbali na haki nyengine zinazodaiwa.

HAIJUZU KUMFUKUZA KWA UDHURU WAKE

Kanuni imetaja waziwazi kuwa uja uzito, au jambo linaloambatana nao, si sababu ya haki ya kumwachisha mtu kazi. Kadhalika kuchukua ruhusa anayoistahiki, au kuiomba tu, si sababu. Ama mgonjwa aliyemaliza siku zake 14 naye hajapona, mwajiri halazimiki kuendelea kumlipa, lakini wala hana ruhusa ya kumpelekea ujumbe wa simu kuwa nafasi yake imejazwa. Ni lazima kwanza amwite, amweleze jambo lenyewe kwa lugha anayoifahamu, mbele ya mwenzake au mwakilishi wa chama aliyemchagua, na amsikilize. Huenda ikapatikana kazi nyepesi anayoiweza.

YALIYO JUU YA MTUMISHI

Haki haina mguu mmoja. Mwenye kutaka ruhusa ya uzazi yampasa atoe taarifa kwa maandishi siku zisizopungua 7 kabla, ila pakiwa na dharura, na akitakiwa cheti cha daktari au mkunga akilete. Mgonjwa ampelekee mwajiri khabari mapema awezavyo, yeye au mtu wake, na alete cheti. Cheti cha msimamizi wa zahanati ya kijijini, anayefanya kazi kwa niaba ya daktari, kinatosha. Mwajiri asimlazimishe mgonjwa wa Vanga au Shimoni kusafiri mpaka mjini kutafuta karatasi yenye muhuri mkubwa zaidi.

Ama anayenunua cheti cha uwongo ili aende harusini, huyo amekula mali ya mtu kwa batili. Na madhara yake hayamwishii yeye: kila cheti cha uwongo humfanya mwajiri amshuku mgonjwa wa kweli anayekuja baada yake.

MSIBA NA EDA

Tuliulizwa pia: mtu akifiwa, ana siku ngapi? Kanuni ya Kenya haikutaja siku za msiba. Jirani zetu wa Tanzania, ambao wengi wetu tuna ukoo nao ng'ambo ya Horohoro, kanuni yao ya mwaka 2004 imetaja siku zisizopungua 4 kwa mtoto kuugua au kufa, na kwa kufiwa na mume au mke, mzazi, babu au bibi, mjukuu au ndugu. Mzazi kwao hupata siku 84, na 100 akizaa zaidi ya mtoto mmoja. Na mgonjwa siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, nusu yake kwa mshahara kamili na nusu kwa nusu mshahara. Kwa mgonjwa wametuzidi mbali. Kwa baba wa mtoto sisi ndio tuliozidi, kwani yeye kwao hupata siku 3.

Mjane wa Kiislamu ana eda ya miezi minne na siku kumi, na kanuni ya Kenya haikumwekea ruhusa ya muda huo. Basi afanyeje mwenye kuishi kwa mshahara? Imo katika Sahihi Muslim khabari ya khalati yake Jabir, aliyeachwa na mumewe akataka kutoka kuvuna tende zake katika eda, mtu mmoja akamkemea, naye Mtume (S.A.W.) akamruhusu. Kwa hiyo wanazuoni wameruhusu mwenye eda kutoka mchana kwa haja, na kutafuta chakula cha mayatima ni haja. Mjane asiambiwe kuwa amevunja dini kwa kurudi kazini. Na mwajiri Mwislamu asingoje kanuni imwambie: ampe ruhusa yake ya mwaka mara moja, na ikiisha amweke zamu za mchana, arudi kwake kabla ya giza.

TUANZE NA NYUMBA YETU

Tutakuwa wanafiki tukiwasema wenye hoteli tukazinyamazia kamati zetu. Wako waalimu wa kike katika madrasa ambao wakijifungua huambiwa, "Rudi ukimaliza arubaini," na siku hizo arubaini hawalipwi hata senti. Husemwa kuwa kazi ile ni ya Mungu. Kweli ni ya Mungu, lakini Mwenyezi Mungu ndiye aliyeahidi kuwa atamgombeza Siku ya Kiama mtu aliyeajiri akatimiziwa kazi, kisha asitoe ujira. Arubaini ni hukumu ya damu ya uzazi: ghalibu yake ni siku 40 na wingi wake kwa madhehebu yetu ya Shafi siku 60. Hukumu ya tohara haikuwekwa iwe kipimo cha mama kupona wala cha mtoto kupata nguvu. Miezi mitatu haipingani nayo. Kamati inayompa mwalimu ujira wa kila mwezi na kumpangia saa zake ni mwajiri kama waajiri wengine.

MTU AKIDHULUMIWA AENDE WAPI?

Aanze kwa mazungumzo, na mbele ya mtu mwenye hekima. Yasipofaa, apeleke malalamiko kwa afisa wa kazi wa Sirkali, au katika Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, ambayo hukaa Mombasa pia. Asiende kwa Kadhi, kwani Katiba ya mwaka 2010 imemwekea Kadhi mambo ya hali ya mtu, ndoa, talaka na mirathi; shauri la mshahara halimo. Wala asikae sana akingoja: dai la kazi likipita miaka 3 hufungiwa mlango. Aweke vyeti vyake, barua zake na ujumbe wa simu. Naye mwajiri aweke daftari lake sawa, maana kuandika masharti ya kazi na kuhifadhi kumbukumbu ni juu yake, na asiyeandika hupata tabu kukanusha.

Haya ndiyo jawabu letu kwa ndugu yetu wa Ukunda. Binti yule hakukuomba sadaka. Mpe miezi yake mitatu na mshahara wake kila mwisho wa mwezi, tafuta wa kumshikia nafasi kwa muda na umwambie wazi kuwa ni kwa muda, peleka makato yake, na akirudi akute mahali pake pako. Likikulemea mara hii, kaa naye mpange malipo kwa uwazi, lakini usimwambie kuwa hana haki. Na kuanzia mwezi ujao weka akiba kwa ajili ya mwengine.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awape wagonjwa wetu afya, awahifadhi wazazi na watoto wao, na azitakase mali zetu na haki za watu. Amin.